Miaka minne ya kuuza michoro kwenye Tezos nikiwa Dodoma: nyota tatu (na fundi fremu wangu nyota nne na nusu)

Mama yangu anajua tokeni ya aina moja tu, zile tarakimu 20 za LUKU. Kwa hiyo usiku ule wa Novemba 2021 nilipomwambia nimeuza tokeni kwa mtu wa Ujerumani, alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwani huko kwao umeme wanatumia huu wetu?"

Nilicheka mpaka nikashindwa kumweleza. Na hata nisingecheka, kumweleza kungenishinda. Nilikuwa nimepandisha mchoro wa wanawake watatu wa muheme, ngoma ya asili ya Wagogo; wamezibana katikati ya mapaja, shanga za kipaji za mmoja wao zimemwangukia jichoni na hana mkono wa kuzitoa. Nakala 20, kila nakala tez 2, yaani sarafu ya Tezos. Kufika saa sita usiku zote zilikuwa zimeondoka. Tez moja wakati ule ilikuwa dola 5 na ushee, piga hesabu mwenyewe: zaidi ya laki tano kwa mchoro mmoja. Kadi ya harusi yenye ramani, majina ya wanakamati na marekebisho saba nilikuwa natoza elfu 40, na bwana harusi bado anaomba apunguziwe.

Siku hiyo niliipenda Tezos. Tathmini hii ni ya siku zilizofuata, nikiwa mchoraji mmoja mwenye fremu ya kupanga Chang'ombe hapahapa mjini Dodoma, sina mwajiri wala mtaji wa kuchezea. Kama wewe unanunua sarafu ukingoja zipande, pita tu, hapa hakuna chako. Mimi nauza michoro.

Kwa asiyeijua, Tezos ni blokicheni, yaani daftari la hesabu ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani na hakuna mwenye daftari peke yake. Ilianza kazi 2018. Wanaolinda daftari hilo wanaitwa waokaji mikate, usiniulize kwa nini, na wanaweka sarafu zao rehani badala ya kuteketeza umeme kama wachimbaji wa Bitcoin. Mabadiliko ya mfumo hupigiwa kura, na kila sasisho kubwa hupewa jina la mji kwa kufuata alfabeti. Juni 2023 ilifika zamu ya N, wakaliita Nairobi. Zamu ya D ilikuwa imeshapita tangu 2020, wakaipa Delphi. Tumekosa hivihivi.

Nianze na kilichonifaa. Mwaka 2021 kupandisha kazi moja kwenye Ethereum, blokicheni nyingine, kungeweza kukugharimu makumi ya dola, ada wanayoiita gesi. Kwa hela hiyo mimi najaza mtungi wa jikoni na chenji inabaki. Tezos ilikuwa inakata senti, na nilifanya kila kitu kwa simu, kompyuta mpakato iliyochoka na bando la wiki.

Halafu mirabaha. Unapopandisha kazi unaandika asilimia utakayolipwa kila inapouzwa tena. Mimi huandika 10. Machi 2022 nikiwa kwenye daladala natoka Sabasaba, simu ikalia: yule wa Ujerumani kauza muheme wangu kwa tez 15, na tez 1.5 zimeingia kwangu. Mchoraji anayeuza picha kwa mkono, ikishaondoka imeondoka, hata ikiuzwa tena kwa milioni yeye hapati hata soda. Ila msidanganyike kwamba blokicheni ndiyo inayomlazimisha mtu alipe. Anayekata ni soko, na soko likiamua kuacha linaacha. Agosti 2023 OpenSea, soko kubwa la upande wa Ethereum, lilitangaza kwamba mirabaha itakuwa hiari. Zangu za Tezos zimeendelea kuingia mpaka leo, vijisenti, lakini zinaingia.

Sasa matatizo. Watu wa Dodoma tunajua habari za hati na kiwanja kuliko mtu yeyote nchi hii, kwa hiyo nitaeleza hivyo. Blokicheni inatunza hati, yaani ile tokeni. Mchoro wenyewe kwa kawaida haumo, ni mzito mno. Uko kwenye mfumo mwingine unaoitwa IPFS, ambako faili linaishi kwa muda wote ambao kuna mtu anaendelea kulihifadhi kwenye kompyuta yake. Wote wakiacha, mnunuzi anabaki na hati safi kabisa ya kiwanja kisichoonekana. Mara nyingi soko ndilo linalobeba kazi hiyo ya kuhifadhi. Na soko likifa?

Lilishawahi kufa. Hic et Nunc ndilo lililowasha moto wa sanaa kwenye Tezos. Lilianzishwa Machi 2021 na Mbrazili Rafael Lima, na jina ni Kilatini, maana yake hapa na sasa. Novemba mwaka huohuo, mwezi uleule niliouza muheme, mwenyewe akalifunga ghafla. Mimi sikuwa nauza huko, nilikuwa mgeni nachungulia dirishani, lakini nilichokiona sijawahi kukiona kwenye vikoba wala kwenye kamati ya harusi. Kwa kuwa kumbukumbu za nani anamiliki nini zilikuwa kwenye daftari la wote, watumiaji walinyanyua nakala za tovuti ileile kwa muda mfupi tu, na baadaye wakaunda soko la jumuiya, Teia. Mwenye duka kafunga mlango, wateja wakafungua mwingine, na bidhaa zote ziko rafuni kama zilivyokuwa. Nikajiambia hawa ni watu wa kwenda nao.

Imani hiyo ndiyo iliyoniponza. Katika laki tano zile nilibadilisha nusu tu kuwa shilingi, nusu nikaiacha kwenye pochi ya kidijitali eti ikue. Mwanzoni mwa Oktoba 2021 tez ilikuwa imevuka dola 9, na kila mtu kwenye kundi letu la Discord alikuwa anasema itarudi palepale. Kufika 2023 ilikuwa imeshuka chini ya dola moja. Nakala ileile ya tez 2 iliyonilipa elfu 25 ikawa inalipa elfu tatu na kitu, hela ya chipsi mayai bila soda.

Lakini bei haikuniuma kama ukimya. Kundi lilikuwa na desturi ya kuamkiana kila siku, huku asubuhi, huko kwa wengine usiku wa manane. Ukiweka kazi mpya saa mbili usiku, ndani ya dakika kumi watu ishirini wameshaiona, watano wamenunua, na watatu kati ya hao watano ni wachoraji wenzako wanaotumia tez ulizowalipa wewe wiki iliyopita. Nilichelewa kuelewa kwamba tulikuwa tunacheza upatu. Upatu wa mtaani una kijumbe, na kila mtu anajua zamu yake. Wetu haukuwa na kijumbe. Hela mpya ilipoacha kuingia tulibaki tunapokezana zilezile, zinachakaa mkononi. Novemba 2022 FTX, soko kubwa la kubadilishia sarafu za kidijitali, ikaanguka. Haikuwa na uhusiano wowote na wanawake wangu wa muheme, lakini wanunuzi walikimbia kana kwamba walioiba ni sisi. Salamu za asubuhi zikapungua kutoka mia hadi kumi, kutoka kumi hadi mimi na dada mmoja wa Lagos, na yeye akapata kazi benki.

Soko dogo nililokuwa nalitegemea, jina nalihifadhi, lilianza kuchelewa kuonyesha picha. Kisha likaacha kujibu barua pepe. Asubuhi moja ya Mei 2023 nikalifungua nikakuta ukurasa mweupe. Hati zangu zilikuwepo zote, nikazikuta kupitia soko jingine, hapo sina lawama na Tezos. Michoro sita kati ya thelathini ndiyo iliyogoma kufunguka. Bahati nzuri anwani ya faili kwenye IPFS inatokana na faili lenyewe, kwa hiyo ukirudisha nakala ileile bila kuigusa hata kidogo, hati inaitambua. Nilizirudisha kutoka kwenye flashi, kazi ya siku mbili, umeme ukikatika katikati. (Ungekuwepo, ungesikia Mama akiuliza kama na hizo tokeni zangu zimeisha.)

Kilichopotea moja kwa moja ni watu. Mazungumzo yote na wanunuzi yalikuwa ndani ya soko lile. Nilibaki na anwani 140 za pochi, kila moja inaanza na tz1 ikifuatiwa na herufi na namba zisizosomeka, na sikumjua mwenye hata moja anaitwa nani. Mwaka mmoja na nusu wa kuuza, na ningekutana na mteja wangu mkubwa kwenye foleni ya benki nisingemwamkia.

Hapo ndipo anapoingia fundi. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna mzee anayetengeneza fremu za picha. Kiswahili kimetuonea kidogo: mimi nimepanga fremu, yeye anauza fremu, na mteja akiulizia fremu mtaani kwetu lazima aulizwe ya kuingia au ya kutundika. Siku ya ukurasa mweupe nilikaa kwenye benchi lake bila kusema kitu, akaniuliza nina nini. Nikamsimulia.

"Kwa hiyo mama, picha wamenunua ila hawajachukua?"

"Wamechukua, mzee. Ila haishikiki."

Aliendelea kupiga randa ubao wake. "Sasa mimi fremu nitaipimia wapi?"

Hakuwa ananishauri. Alikuwa anataka kujua kweli. Lakini kesho yake nilikwenda kuchapisha muheme kwenye karatasi nzito ya A3, nikampelekea apime.

Namtathmini na yeye, maana kodi ya pango langu inatoka kwake kuliko inavyotoka kwenye blokicheni. Anatumia mninga, anakata pembe kwa msumeno wa mkono ulioshikwa na kiboksi cha mbao alichotengeneza mwenyewe, na pembe zinakutana huoni mwanya. Kati ya kioo na mchoro anaweka ukingo wa kadibodi nyeupe ili karatasi isigande kwenye kioo wakati wa joto. Kisha anageuza, na nyuma anaziba pande zote nne kwa karatasi ya kaki na gundi. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe, nikamwambia aache ili apunguze bei. Akaacha. Ilikuwa Agosti, upepo wa Dodoma unachezea vumbi jekundu tangu asubuhi. Baada ya wiki tatu mteja alinirudishia picha: ndani ya kioo kulikuwa na ukungu wa udongo, umejikusanya vizuri kabisa kwenye nyuso za wale wanawake, na haufutiki kwa sababu uko ndani. Mzee aliipokea, akaifungua, akaisafisha kwa brashi ya kunyolea ndevu, akaiziba. Hakusema nilikwambia. Kasoro zake: simu hapokei, akikwambia Jumatano elewa Ijumaa, na Ijumaa akienda msikitini harudi.

Wateja wapo kwa sababu kuta zipo. Tangu serikali ilipotangaza 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, watu wamejenga Kisasa, Iyumbu, Nkuhungu, nyumba za kuta nyeupe tupu, na wenyewe wametoka Dar na Mwanza, wanataka kitu cha hapa. Mibuyu inakwenda. Zabibu za Hombolo zinakwenda sana jikoni na sebuleni. Mzee mwenye zeze hununuliwa na watu waliokua wakimsikiliza Hukwe Zawose redioni, na huwa hawaombi punguzo. A3 ndani ya mninga nauza elfu 65. Uchapaji unakula 12, fundi 20. Hata nikiuza nne kwa wiki najua mwezi utaishaje. Tez sijawahi kujua itaamkaje kesho.

Je, nimeiacha Tezos? Hapana, na ndiyo maana naandika tathmini badala ya tanzia. Nilibadilisha jinsi ninavyoitumia. Kila kazi ninayopandisha sasa ina mstari mmoja kwenye maelezo: anayetaka ya karatasi, yenye sahihi, aniandikie. Katika miezi sita ya kwanza waliandika watu 11. Mmoja alikuwa yule wa Ujerumani, aliyenisimulia kwamba muheme wake aliuuza kwa sababu alikuwa na shida ya kodi ya nyumba, na kwamba amejuta. Nikamtumia A3 bila fremu, imeviringishwa kwenye bomba la plastiki la fundi bomba, kwa EMS ya Posta. Alilipa mara nne ya alichotoa kwa tokeni ya kwanza. Leo orodha yangu ina watu 63 wenye majina na anwani, na ipo kwenye daftari la karatasi na kwenye flashi mbili. Nyuma ya kila picha ya ukutani naandika namba ya nakala, na anayetaka namwekea kiungo cha hati yake kwenye Tezos. Wateja tisa kati ya kumi hapa mjini hawaulizi. Wa kumi ni kijana wa UDOM anayetaka tubishane.

Kuhusu kutoa hela, kuwa macho. Tez haiingii moja kwa moja kwenye pesa za simu. Unaibadilisha kuwa sarafu inayofuata dola, unamuuzia mtu mtandaoni, naye anakutumia shilingi. Februari 2022 nilikuwa nauza za laki tatu na kumi. Ujumbe ukaingia: umepokea, jina la mtumaji, kiasi, namba ya muamala, salio jipya, kila kitu mahali pake. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe cha kuachia sarafu. Nikaona ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 07. Wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wamepanda daraja tu. Tangu siku hiyo naangalia salio kwanza, hata mnunuzi akinitukana kwamba namchelewesha.

Na mambo ya sheria usiyafumbie macho kwa kuwa eti ni mtandaoni. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa teknolojia hizi. 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Mimi si mwanasheria. Nina TIN, jina la biashara nimelisajili BRELA, kila mauzo ya tez nayaandika kwa shilingi za siku hiyo, na dukani kwangu bei ni shilingi.

Wenzangu wa kundi lile wengine walichukia nilipoanza kuuza karatasi. Mmoja aliniandikia kwamba nimeisaliti jumuiya. Nilitaka kumjibu, nikakumbuka sijui anaitwa nani.

Nyota tatu basi. Moja ya ada ndogo, moja ya mirabaha, moja ya daftari ambalo halikupotea soko lilipopotea. Mbili nimezizuia: moja ya bei inayopandisha na kushusha mshahara wa mtu bila yeye kugusa penseli, nyingine ya michoro yangu sita. Dada wa Lagos akirudi nitaongeza nusu.

Fundi nimempa nne na nusu, ile nusu iliyobaki iko kwenye simu asiyopokea. Ukimhitaji nenda mwenyewe, asubuhi kabla jua halijafika kwenye benchi lake. Picha kubwa kuliko A2 mpe wiki mbili, na akikuuliza akuzibie nyuma, kubali.